Mtambo wa Jabir na Paa la Chumba Changu

Chumba changu kilikuwa kinavuja. Mvua ikinyesha, nakunja godoro nakaa kitini. Mwanangu Jabir alishaweka pesa za mabati. Mkewe Mardhiya ndiye aliyezichuma, kwa kuuza barafu na juisi hapa Konde.

Basi Jabir akenda Maskati kumtembelea rafiki yake. Akarudi na mapya. Nyumba za huko, mtu akitoka chumbani taa inajizima. Feni unaiamrisha kwa simu.

"Mama, tuweke mtambo huo kwanza," akasema. "Umeme utapungua, kisha tutanunua mabati."

Nikamwambia haya. Lakini iliniuma.

Akaitwa jirani yetu Epifania, fundi umeme kutoka bara.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tufungie hayo maajabu."

Epifania akaitazama nyumba yote, na mita pia. Kisha akaketi.

"Kaka Jabir, kazi hii ni riziki yangu, lakini nitakwambia kweli. Mtambo huu unafaa jengo kubwa lenye viyoyozi, au mahali umeme ni ghali. Nyinyi mna taa chache, na umeme wenu ni nafuu. Mtakachookoa ni kidogo. Mtambo utachakaa kabla haujarudisha gharama yake."

"Mbona basi umeme wetu unakwisha upesi?" Mardhiya akauliza.

"Friza iko wapi?"

Tukampeleka. Epifania akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akauondoa mkono haraka. Ukuta ule ulikuwa wa moto. Upande wa pili ndipo ninapopikia kwa kuni. Friza tumeiegemeza hapo hapo, nami nimeifunika kitambaa changu cha kudarizi mpaka chini, isipate vumbi.

"Bibi, umeivisha nguo na kuiotesha moto," akasema. "Itapoa vipi? Isogezeni penye kivuli, mbali kidogo na ukuta. Mpira wa mlango umelegea, nitaubadilisha. Na juisi ipoe kwanza ndipo iingie."

Tukafanya hivyo. Umeme wa wiki moja sasa unakaribia wiki mbili. Jabir kaona mwenyewe, akanunua mabati.

Namshukuru sana Epifania. Angeweza kuchukua pesa zetu akanyamaza. Kitambaa changu nimempa yeye, akitandike mezani.

Jana mvua ilinyesha usiku kucha. Mimi sina habari. Nimeisikia kwa Mardhiya asubuhi.