Treni Nzima Ilipita Hapa

“Mama, Baba haonekani tena!”

“Kwani alikuwa anaonekana lini?”

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kokoto, mikono imejaa grisi, napigana na mnyororo wa baiskeli uliochomoka. Binti yangu alisimama katikati ya njia, anachungulia mbele. Nyumbani tunamwita Kengele, kwa sababu ile ya baiskeli yake haijawahi kupumzika. Hapo zamani palikuwa na reli. Vyuma viling'olewa, likabaki tuta pana lililonyooka katikati ya msitu mpaka kwenye handaki. Kila Jumapili baba yake anatuleta huku na baiskeli za milimani, eti tuendeshe kama familia. Familia gani? Yeye anatangulia, sisi tunameza vumbi lake.

Simu ikaita mfukoni. Ujumbe kutoka kwake:

“Njia safi. Njooni.”

Nikasonya kwa nguvu mpaka Kengele akageuka.

Niwaeleze kidogo. Mume wangu anaendesha gari la kutangulia. Yale malori marefu yanayobeba transfoma na mitambo mipana, mbele yake huwa kuna gari dogo lenye taa inayozunguka juu. Linawaweka watu pembeni, linaangalia madaraja, linamwambia dereva wa nyuma kwa redio kama njia ni safi. Huyo ndiye yeye, na kazini wanamsifu kweli. Balaa ni kwamba akirudi nyumbani hashuki kwenye hilo gari.

Simu ikaita tena. Sasa alikuwa meneja wangu wa duka la dawa:

“Bado nasubiri jibu lako kuhusu tawi jipya. Mwisho ni leo jioni.”

Tawi lenyewe liko mji wa mbali, na mume wangu sikuwa nimemwambia. Nilishaamua: nakubali, nachukua mtoto, naondoka, yeye abaki na njia yake safi. Kilichobaki kilikuwa kuandika neno moja tu. Lakini kila nikiishika simu kidole kinagoma, maana yule mwanaume, Mungu ananiona, bado nilikuwa nampenda.

Nikampigia yeye kwanza.

“Mama Kengele! Mmefika wapi?”

“Hatujafika popote. Mnyororo umetoka.”

“Aah, hicho kitu kidogo. Urudishe kwenye meno ya nyuma, halafu uzungushe pedali...”

“Najua unavyorudishwa! Sijapiga kuomba somo.”

“Sasa shida nini? Mpaka handakini nimeshapasafisha.”

“Shida ni kwamba niko peke yangu.”

“Si uko na Kengele?”

Jamani! Nilitamani kuitupa simu porini. Kabla sijajibu, Kengele akainama, akaongea kwenye simu kwa sauti yake yote:

“Baba, tukihamia kule kwenye duka jipya la Mama, wewe utakuwa unamtangulia nani?”

Mdomo wa mtoto hauna breki. Kumbe alinisikia nikiongea na dada yangu jikoni.



“Mama Kengele... duka gani?”

Nikakata simu.

Haukupita muda akatokea kwenye kona, anakanyaga pedali kama anafukuzwa. Aliitupa baiskeli chini. Mikono yake ilikuwa imechanwa na miiba, shati lina matope mpaka kwenye kola.

“Unaniacha?”

“Wewe uliniacha kitambo. Mimi nataka tu kuhalalisha.”

“Nimekuacha wapi? Tazama mikono yangu! Mti ulianguka njiani, nimeukokota mwenyewe. Kule darajani nimetoa mawe yote ili msiteleze. Unafikiri natangulia kwa raha zangu?”

Sikuwa najua. Nilidhani anashindana na upepo. Moyo ukataka kulainika, na hapo hasira ndiyo ikapanda zaidi.

“Nani alikuomba?”

“Nini?”

“Nauliza, nani alikuomba mawe? Siku ya uchungu ulitangulia hospitali kutafuta kitanda. Nililetwa na jirani, namng'ata yeye mkono. Baba yangu alipofariki ulitangulia kupanga viti. Njia nzima nililia na dereva wa teksi, mtu hata simjui! Kitanda kilikuwepo, viti vilikuwepo. Wewe hukuwepo. Mimi si transfoma, Baba Kengele!”

 Akakaa chini kwenye kokoto, akaanza kuurudisha mnyororo wangu. Ulikaa mara moja, nikaudhika hata na hilo.

“Naogopa,” akasema bila kuinua macho. “Kazini nikikosea, mzigo unaanguka. Nikirudi nyumbani nawaona ninyi wawili, naogopa zaidi.”

“Mimi pia naogopa. Ningependa tuogope pamoja.”

Machozi yalinitoka, sikuyaficha.

“Hiyo kazi unaitaka?” akauliza. “Au unataka tu kunikimbia?”

“Naitaka. Hata ungekuwa mume mwema kuliko wote, ningeitaka.”

“Basi tuhame wote. Barabara ziko kila mahali, sitakosa kazi. Wiki ijayo mimi nitatangulia nitafute nyumba, halafu...”

Alijisikia mwenyewe, akakoma. Kengele akapiga kengele yake.

“Baba, umekosa tena!”

Nilicheka huku nimekasirika bado. Nikatoa simu, nikaandika mbele ya macho yake:

“Nimekubali kazi. Tunakuja watatu, kwa gari moja.”

“Soma,” nikamwambia. “Una neno?”

“Sina.”

“Haya, panda baiskeli. Hapa pembeni yangu.”

“Ng'ambo ya handaki kuna kipande kibaya, sijakimaliza. Na njia haitutoshi tukienda sambamba, Mama Kengele.”

“Treni nzima ilipita hapa. Wewe na mimi tushindwe?”

Akaiinua baiskeli yake. Tukaondoka bega kwa bega, usukani wake ukigonga wangu kila baada ya muda, Kengele nyuma yetu akitushangilia kwa makelele. Tulipofika kwenye kile kipande kibaya, mawe yalinirusha juu ya kiti mpaka nikapiga ukelele.

“Ningeyatoa haya,” akanung'unika.

“Najua. Nyamaza, endesha.”