Kasoko Iliyochorwa kwa Kikombe

Wiki ile Mwezi ulikuwa nusu, ukionekana hata kabla jua halijazama. Kila siku kengele ya mwisho ikilia, tulifagia darasa, tukafunga madirisha, kisha tukapanga foleni uani kwenye darubini ya mwalimu wa sayansi.

Mwalimu alitugawia kasoko, yaani mashimo mapana yaliyochimbwa na mawe ya angani kwenye upande wa Mwezi unaotuelekea. Kila kasoko ilichorwa na wanafunzi wawili, bila kuchunguliana. Mwenzangu alikuwa rafiki yangu, msichana mwembamba tuliyemwita Kijiti.

Zamu yangu ilipofika, nilitupa jicho mara moja tu, kwa kuwa wenzangu walikwisha kuanza kuruka kamba. Niliona kivuli, basi. Nyumbani nilichukua kikombe cha chai, nikakizungushia penseli, nikapata duara safi. Nikaongeza na kilima katikati, kunogesha.

Kesho yake mwalimu aliweka michoro yetu pamoja. Wangu ulikuwa duara safi kama kasoko za vitabuni; wa Kijiti ulikuwa na ukingo uliolika, upande mmoja umekatika kabisa na kuacha pengo.

"Kijiti, wewe hukutazama," alisema mwalimu. "Umebuni."

Akamwondoa kwenye foleni hadi mwisho wa wiki, na mchoro wangu ukabandikwa ukutani. Kijiti alinitazama, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Nilipigiwa makofi, na kila kofi lilinichoma.

Jioni mama alinimiminia chai katika kikombe kilekile. Sikuweza kuinywa. Aliponiuliza kulikoni, nilimweleza yote huku nikilia. Mama hana mzaha na uongo. Alikinyanyua kile kikombe, akamwaga chai, akakisuuza.

"Kesho nenda nacho shuleni," alisema.

Nilikwenda nacho. Mbele ya darasa zima, nilikiegemeza kwenye mchoro wangu ukutani. Kililingana na duara sawasawa. Wachache walicheka. Nilimwomba Kijiti radhi, lakini yeye aliinamisha kichwa tu.

Jioni hiyo mwalimu alichungulia darubini mwenyewe, kwa muda mrefu. Kisha akamwita Kijiti.

"Nisamehe, mwanangu. Nilihukumu kabla ya kutazama."

Alitueleza kwamba kasoko ile ni ya kale mno. Mawe mengine yameipiga kwa mamilioni ya miaka, ndiyo maana ukingo wake umemomonyoka. Mchoro wa Kijiti ukabandikwa mahali pa wangu, na zamu zangu zote zilizobaki akapewa yeye. Niliona ni haki.

Siku ya mwisho, Kijiti alisogea pembeni ya darubini. "Njoo uone pengo," aliniambia.

Niliinama, nikaliona. Lilikuwa palepale alipolichora. Mwalimu, aliyesimama nyuma yetu, aliniwekea mkono begani.

"Ulidhani umeidanganya karatasi tu," alisema, "kumbe umemfanya msema kweli aonekane mwongo. Kuanzia leo, chora ulichokiona, hata kama kimelika."