Kisasi cha Fyuzi

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika Gungu, lakini ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa na matope yaling'ang'ania viatu. Kama kawaida Skolastika alifagia karakana ya baba yake, Anatoli, fundi umeme wa magari, kisha wakasali Baba Yetu kabla ya kugusa kazi. Walipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, msichana alifunga mdomo.

Wiki hiyo Mzee Bonaventura, mwenye gari la abiria wa Kidahwe ambalo Anatoli alikuwa amelitengeneza siku chache nyuma, alikuwa amemtangaza Anatoli stendi nzima kuwa fundi mwizi, anayenyofoa vifaa vizima kwenye magari ya watu. Maneno yakafika hadi darasani. Wenzake Skolastika wakimwona walikumbatia mabegi yao na kucheka.

Ndipo Ijumaa, jana yake, Bonaventura alipoegesha gari karibu na karakana, akaacha dirisha wazi na kwenda kunywa chai. Skolastika alipenyeza mkono chini ya usukani, akafungua kisanduku cha fyuzi, akang'oa ile ya indiketa, taa za kuonyesha kona, na kuitupa mtaroni. Alijua ni ipi, maana baba yake ndiye aliyemfundisha. Alitaka trafiki wamkamate mzee yule barabarani, naye aonje aibu mbele za watu. Alilala akiwa na furaha.

Sasa, asubuhi hii, gari hilo lilisimama mlangoni, Bonaventura akashuka akifoka kwamba Anatoli amemharibia taa. Nyuma yake alichechemea Yona, kijana wa bodaboda, suruali imechanika gotini na damu inamtoka. Gari lilikuwa limekata kona bila kuonyesha, naye alipolikwepa akaanguka. Watu wakakusanyika.

Anatoli hakubishana. Alijaribu taa za kulia, akajaribu za kushoto, hakuna iliyowaka. Akasema balbu zote haziwezi kuungua kwa pamoja, akainama kwenye kisanduku cha fyuzi.

"Sema unachokiona," Bonaventura alimwambia.

"Nafasi ni tupu. Fyuzi ikiungua hubaki mahali pake. Hii imeng'olewa na mtu."

"Na fundi wa mwisho kuingiza mkono humo ni nani, kama si wewe? Mmesikia wenyewe, jamani."

Watu waliguna. Hata Mama Catherine, muuza mihogo aliyemtetea Anatoli siku zote, aliinamisha macho. Skolastika akaona kwamba kisasi chake kilikuwa kimempa Bonaventura ushahidi ambao hakuwa nao.

"Ni mimi," alisema. "Niliing'oa jana. Baba hajui lolote. Nilitaka ukamatwe, kwa sababu ulimwita mwizi."

Yona alimtazama. "Na mimi, mdogo wangu, nilimwita nani?"



Anatoli aliweka fyuzi nyingine, taa zikaanza kuwakawaka. Kisha akamgeukia binti yake. "Uchungu wako naujua, mwanangu. Lakini ulimlenga Mzee, ukamwangusha Yona na kunichafua mimi. Kisasi hakijui kulenga. Jina langu nilikuwa nimemwachia Mungu."

Mama Catherine alimwuliza Bonaventura kama aliwahi kuuona wizi wenyewe. Mzee alikohoa, akakiri kwamba alisikia tu kwa watu. Akaambiwa basi akaseme hivyo hivyo kule stendi, akakubali kwa kichwa.

Skolastika alifuta machozi, akasimama katikati yao.

"Mbele yenu wote naahidi: ujuzi alionipa baba sitautumia tena kumdhuru mtu, hata akinikosea. Na suruali ya kaka Yona nitaishona mimi, leo hii."