Chati ya Kijani ya Vyoo vya Wasichana

Kila siku ya shule, kengele ya saa nne ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani na Mapua akaelekea chooni. Hakwenda kwa haja. Alikwenda kikazi, simu ya klabu ya kompyuta mkononi, kujaza majibu manne kwa kila choo: Maji yapo? Sabuni ipo? Sakafu ni kavu? Kunanuka? Ukijibu vizuri, programu inakipaka choo hicho rangi ya kijani kwenye chati. Ukijibu vibaya, kinakuwa chekundu.

Angalau ndivyo ilivyokuwa siku mbili za kwanza.

Tuseme ukweli, vyoo vile vilitia kichefuchefu. Vilikuwa vinne kwa wasichana mia tatu. Sakafuni yalituama maji yenye rangi ya chai, na hakuna aliyetaka kujua yametoka wapi. Choo cha tatu kilikuwa kimeziba tangu muhula uanze, na watu waliendelea kukitumia hivyo hivyo, mmoja juu ya mwingine. Nzi wake walinenepa mpaka wakawa wavivu wa kuruka. Na Mapua alipewa jina hilo nyumbani kwa sababu maziwa yakianza kuchacha jikoni, yeye anayasikia akiwa kitandani. Hakuna mtu ambaye kazi ile haikumfaa kama yeye. Lakini aliiomba mwenyewe. Programu ilikuwa wazo lake, na shangazi yake ndiye aliyewasaidia kuiandika.

Siku ya tatu alifika mlangoni, akavuta harufu ya kwanza, akageuka. Ijumaa alasiri aliketi kwenye benchi nje ya maktaba akabonyeza: maji yapo, sabuni ipo, sakafu kavu, hakunuki. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zikajazwa kwa mkupuo, dakika tatu hazikwisha. Programu ilikubali siku zilizopita kwa kuwa mtandao wa shule ulipenda kupotea. Wiki ya pili akafanya vivyo hivyo, na ya tatu pia. Chati ikawa kijani tupu. Mwalimu mkuu, ambaye choo chake kilikuwa na ufunguo, aliichapisha akaibandika nje ya ofisi.

"Hivi vyoo vya kijani viko shule gani jamani, tuhamie?" aliuliza rafiki yake, Betri, mbele ya chati ile. Betri alikuwa hanywi maji tangu asubuhi ili asihitaji choo, na wiki iliyotangulia daktari alikuwa amempa dawa za maumivu ya mkojo.

Mapua alicheka naye, kisha akamvuta mkono waondoke pale.

Sasa, shangazi yake alikuwa mtengeneza programu kwa kazi, na alialikwa kuzungumza kwenye kongamano la watengeneza programu, ukumbi wa watu mia mbili. Katika dakika zake arobaini, kumi alimpa Mapua aeleze programu ya vyoo. Sebule yao iligeuka jukwaa. Shangazi alikaa kochini na saa ya simu, akamkatiza kila baada ya sentensi mbili.

"Usisome slaidi. Watu wana macho."

"Sawa, shangazi."

"Na maandishi yawe makubwa. Aliyekaa nyuma kabisa naye amekuja kusikiliza. Na hiyo picha ya paka itoke."

"Paka mmoja tu, shangazi!"

"Hata mkia wake."

Ofisini kwa shangazi walikuwa na mazoea yao. Kabla mtu hajapanda jukwaani, kwanza huwaonyesha wenzake, nao hawapigi makofi. Wanauliza maswali mpaka mtu anatamani kulia, ili swali gumu limkute pale pale na si mbele za watu. Jumamosi, wiki moja kabla ya kongamano, Mapua alisimama mbele yao asubuhi. Walikuwa sita, vikombe mkononi. Mkali wao aliitwa Bwana Kwanini, mzee mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso.

Mapua alieleza vizuri, hakusoma slaidi hata moja. Chati ikajaa ukutani, nyekundu kidogo pembeni na kijani kila mahali.

"Imependeza mno," alisema Bwana Kwanini. "Kwa nini vyoo vilipona vyote kwa siku moja tu? Nani alivitengeneza?"

"Vilisafishwa," Mapua alijibu.

"Hebu tufungulie jedwali lenyewe. Mistari yote, si chati."

Shangazi akalifungua. Mzee akashusha miwani, akasogea ukutani. "Na hii safu ya mwisho ni ya nini?"

"Hiyo ni saa," shangazi alisema. "Programu inajiandikia yenyewe kila jibu linapoingia. Niliiweka ili—"

Hakumaliza. Wote walikuwa wanasoma. Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini na moja. Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini na moja. Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini na mbili. Majibu ya wiki nzima yalishuka pale kama mvua, yote Ijumaa, yote ndani ya dakika nne. Mapua alikuwepo shangazi alipoiongeza safu ile. Alikuwa ameisahau kabisa.

"Tupumzike kidogo," shangazi alisema kwa sauti ya chini, akamchukua Mapua hadi kwenye jiko la ofisi na kufunga mlango.

"Mistari hamsini na miwili. Ulikuwa wapi ukiiandika?"

"Kwenye benchi."

"Benchi!"

"Shangazi, hujui kulivyo kule. Kumejaa mpaka juu. Kuna pedi zilizotumika sakafuni, kuna funza wanatambaa ukutani. Siwezi, shangazi. Nikifika mlangoni tumbo linapinduka."

"Kinyaa nakielewa, na sikulaumu kwa hicho. Tuliweka kitufe cha 'sikuingia'. Tulikiweka mimi na wewe. Ungekibonyeza siku zote kumi na tatu, nisingekuwa na neno. Wewe umenitengenezea choo kisafi ambacho hakipo, nikakionyeshe kwa watu mia mbili." Alimtazama usoni. "Unajua nasikia nini sasa hivi? Kinyaa. Na si cha vyoo."

Neno lile lilimwingia Mapua kuliko kofi. Alitazama mikono yake, ile iliyobonyeza, akatamani kuinawa.

"Nani mwingine ameiona hiyo chati?" shangazi aliuliza.

"Mwalimu mkuu. Ameibandika ukutani."

Shangazi alifumba macho. "Jumatatu tunakwenda kwake. Wewe ndiye utakayesema, mimi nitasimama tu."

Jumatatu mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza, hakumtazama Mapua.

"Mama wa usafi ameniomba fundi bomba mara tatu," alisema. "Mara tatu nilimwonyesha chati. Mara ya tatu nilimpa barua ya onyo, kwamba analeta malalamiko ya uongo ili afiche uvivu wake. Onyo moja zaidi, angeondoka."

Akaagiza aitwe. Wanafunzi walimwita Mama Ndoo, na yeye aliitika bila kinyongo. Aliingia na glavu za mpira, harufu ya dawa ya choo ikaingia naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, chati ile niliijaza mimi. Sikuwa naingia chooni. Niliandika uongo."

Mama Ndoo alimgeukia. "Wewe?" alisema. "Mimi nilidhani ni kompyuta. Kila siku nikipita pale najiuliza, hii kompyuta inaona choo kipi, mbona mimi sikioni? Nikaanza kufikiri labda macho yangu yana matatizo."

Mapua alianza kulia. Mama Ndoo hakumbembeleza. "Futa machozi. Saa nne nikukute mlangoni. Tutaingia wote."

Waliingia wote, Jumatatu hiyo na kila siku ya wiki ile. Kwa siku mbili za kwanza tuseme tu kwamba Mapua alijaza majibu yote, na yote yalikuwa mekundu. Jumanne mwalimu mkuu aliingia mwenyewe, akatoka mbio ameziba mdomo kwa tai. Siku hiyo hiyo aliisoma mbele ya walimu wote barua ya kufuta lile onyo, akaita fundi. Alhamisi fundi alizamisha waya mrefu kwenye choo cha tatu, akavuta matambara, daftari la hesabu na kiatu kizima. Uvundo uliopanda ulifika hadi darasa la saba, madirisha yakafungwa. Lakini maji yalishuka. Ijumaa, choo cha tatu kilikuwa cha kijani, na safari hii ni kweli.

Jioni hiyo shangazi alisema, "Dakika kumi zako bado zipo. Ukitaka kuziacha, ziache, sitakulaumu. Ukipanda, mistari yote inapanda nawe, na ile hamsini na miwili ikiwemo. Watacheka. Na mimi wataniuliza kwa nini sikukagua."

"Utawajibu nini?"

"Kwamba nilipenda rangi ya kijani nikaacha kuuliza. Ni kosa langu hilo."

Mapua hakulala vizuri, lakini alipanda. Slaidi yake ya kwanza ilikuwa jedwali lenyewe, maandishi makubwa yanayosomeka mpaka viti vya nyuma.

"Mistari hii hamsini na miwili ni ya uongo," alisema. "Niliiandika mimi, nimekaa kwenye benchi, kwa sababu vyoo vilinitia kinyaa. Kwa uongo huu mama mmoja alikaribia kupoteza kazi." Kisha akaeleza yote, na safu ya mwisho ilivyomuumbua. Ukumbini hakucheka mtu.

Mwanamke wa safu ya tatu aliinua mkono. "Na haya majibu mekundu ya wiki hii? Tutajuaje kwamba safari hii hukukaa kwenye benchi?"

Mapua aligeukia jedwali lake. Angeweza kutaja saa zilizoandikwa, lakini mtu anaweza kusimama nje ya mlango saa nne kamili akabonyeza. "Siwezi kuthibitisha," alisema mwishowe. "Mtu aliyedanganya mara hamsini na mbili, mna haki ya kutomwamini."

"Mimi naweza!" Sauti ilitoka nyuma. Mama Ndoo alikuwa amesimama, amevaa gauni ambalo Mapua hajawahi kuliona. Shangazi ndiye aliyemwalika. "Nilikuwa naye. Jumatatu alitapika ndani ya ndoo yangu. Jumanne akatapika tena. Jumatano akabana pua akamaliza vyoo vyote vinne."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, kisha makofi. Mapua alitamani sakafu immeze, na wakati huo huo hakutamani kuwa mahali pengine popote.

Nje ya ukumbi alimkimbilia. "Asante sana, mama."

"Nimesema nilichokiona, basi." Mama Ndoo hakuwa anacheka. "Sikiliza, mwanangu. Miaka kumi na moja nasafisha vyoo. Uchafu wa chooni haujawahi kunitia aibu, maana naujua: namwaga maji, nasugua, unatoka. Ule wa kwako ulibandikwa ukutani ukapakwa rangi nzuri, na kila aliyeupita akaniona mimi ndiye mchafu. Kitu kikikuchukiza, sema kinakuchukiza. Ukisema, mtu ataita fundi. Ukificha, sisi wengine ndio tunabaki kukaa nacho."

"Nimesikia, mama. Sitarudia."

"Haya." Alijitanda kanga yake begani. "Na ile ndoo yangu, mpaka leo hujaiosha."