Kilio Kilichokatwa

Kitufe kimoja kilikuwa na joto.

Sabohat alikuwa akifuta vumbi mezani kwa mumewe, Elyor. Kitambaa kilipopita juu ya sampla, kile kimashine cha kunasa sauti ambacho Elyor alikibeba begani kila alikoalikwa kupiga muziki, vidole vyake vikahisi joto. Mashine ilikuwa imezimwa. Betri zilikuwa zimetolewa, ziko pembeni kwenye kisosi. Vitufe kumi na tano vilikuwa baridi. Cha kumi na sita, kile cha chini pembeni, kilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

Joto hilo alilijua. Miezi mitano iliyopita, katika nyumba hiyohiyo ya Tashkent, kiganja chake kilikaa siku tatu juu ya paji la Munisa, mwanawe wa pekee, wa miaka sita, mpaka paji lilipopoa. Ilikuwa amri ya Mwenyezi Mungu, na Sabohat hakubishana nayo. Alivaa buluu nzito ya msiba, akashika swala zake, na katika kila sijda aliomba jambo moja tu, mtoto apumzike.

Aliondoa mkono. Hakumwambia mtu.

Kesho yake, saa sita mchana, jua lilipokuwa limewafungia watu wote ndani, alisikia miguu mitupu ikitembea kwenye chumba cha Elyor. Hatua ndogo, za haraka. Kisha ikaja harufu ya pamba inayoungua, kama kaa la moto limeangukia godoro. Alifungua mlango. Hapakuwa na mtu, ila pazia lilikuwa likitikisika na dirisha limefungwa.

Alasiri akaja jirani, Holida, na mkate wa moto kifuani. Aliketi chini ya mizabibu, akakizungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Dada Sabohat, usinichukie."

"Nikuchukie kwa lipi?"

"Ijumaa kijana wangu alikwenda kwenye lile ghala la pamba wanakocheza muziki wa mitambo. Anasema Baba Munisa aliwarusha watu mpaka sakafu ikalia."

"Ndiyo kazi yake."

"Kazi yake, sawa. Ila ndani ya ngoma kulikuwa na mwanamke analia." Holida alishusha sauti. "Anasema, *Munisa, rudi, mlango uko wazi.* Mara hamsini, mara mia. Kijana wangu alikuwa anauimba bafuni, nikamzaba kofi. Mwenzangu, siku ile tulikaa goti kwa goti. Sauti yako naijua."

Sabohat aligeuka akakitazama chumba cha Elyor.

Siku ya msiba wanaume walisimama langoni, wamefunga vitambaa viunoni, wakipokea watu. Wanawake walikuwa ndani, kwenye duara lao. Mle ndani mama alimwita mwanawe kwa maneno yoyote yaliyomjia, akapiga kifua, akavua kitambaa cha kichwa. Hakuna mwanamume aliyeingia, na yaliyosemwa mle hayakutoka. Hata wendawazimu wa mtaa walilijua hilo.

Elyor aliporudi alimkuta amesimama mlangoni.

"Baba Munisa, uliiweka wapi?"

"Niliweka nini?"

"Usinifanye mtoto."

Elyor aliuteremsha mkoba polepole. "Mashine? Chini ya magodoro, mle mlimolilia. Yale yaliyopangwa juu ya kasha."

"Nilikuwa nimeyaegemea."

"Nilitaka kumbukumbu, Mama Munisa."

"Kumbukumbu! Watu walikuwa wanaruka. Wamemchezea mwanangu kwa viatu!"

"Wewe ulikuwa na duara lako," alisema Elyor, na machozi yakamlengalenga. "Mimi nilisimama langoni tangu asubuhi napeana mikono. Nani aliniuliza kama nataka kulia?"

Sabohat alikaribia kumhurumia. Lakini kutoka chumbani, kwenye mashine isiyokuwa na betri, sauti yake mwenyewe ilianza, *Munisa, rudi, mlango uko wazi,* ikarudia, ikarudia, na kila iliporudia harufu ya pamba ilizidi, mpaka chini ya sauti ile ikasikika nyingine, ndogo, nyembamba, kama ya mtu anayejaribu kinywa asichokizoea. "Nimekuja."

"Hiyo ya pili," alinong'ona Sabohat, "uliirekodi lini?"

"Sikuirekodi," alisema Elyor. Alisema bila kushtuka, na mkewe, kwa hofu aliyokuwa nayo, hakuliona hilo.

Asubuhi wakamleta Otin Robiya, mwalimu wa kike, maana ndiyo otin, aliyewafundisha Qur'ani wanawake wa mtaa kwa miaka arobaini. Alisikiliza yote, kisha akamwangalia Elyor kutoka unyayoni hadi kichwani.

"Watu wengine jini huwavunjia mlango. Wewe umemkaribisha, tena kwa spika."

"Otin, mimi sikujua."

"Ungejulia wapi, hukuwa na ruhusa ya kuwamo mle! Mama anapoita kwenye duara, hamalizi pale. Mwisho hutandaza mikono, anasema, nenda mwanangu, nimekukabidhi kwa Mola wako. Sote tunaitikia amina, mlango unafungwa. Mwisho huo uko wapi?"

Elyor aliinama. "Niliukata. Haukuingia kwenye mapigo."

"Haukuingia kwenye mapigo," alirudia Otin taratibu. "Basi umebakiza mwito bila makabidhiano. Mtoto yuko kwa Mola wake, haji. Ila wasiokuwa na kwao wanasikia mwanamke anaita, mlango wazi, usiku na mchana. Huyu kaitikia."

Dawa yake ilikuwa nyepesi kutamka na nzito kutenda. Elyor alirudisha betri. Sabohat alikiinamia kidude kile, na mwito wake wa siku ile ulipokwisha kusikika akatamka yale yaliyokatwa, neno moja moja, kama anayemzika Munisa mara ya pili. Wote watatu wakaitikia amina. Pazia likatulia. Kisha Otin akaamuru aliyenasa ndiye afute, na Elyor akafuta, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwamba ndani ya mashine hamkubaki kitu.

Siku tatu nyumba ilinukia mkate na udongo wa ua ulionyunyiziwa maji. Sabohat alilala. Alimsamehe mumewe nusu, nusu nyingine akaiweka akiba.

Siku ya nne, saa sita mchana, alipita mbele ya chumba akasikia Elyor akinong'ona kwa upole. Alisukuma mlango. Mumewe alikuwa amekaa chini, vipokea sauti masikioni, mashine mapajani, na mbele yake bakuli la wali wa maziwa na kijiko kidogo. Ubavuni mwa mashine ilichomoza kadi ya memori.

"Uliapa," alisema Sabohat.

Elyor alivua kipokea sauti kimoja. "Niliapa juu ya mashine. Kadi ilikuwa mfukoni."

"Juu ya msahafu, Baba Munisa?"

"Ningefanyaje? Anaongea nami. Toka msiba ulipotimiza mwezi anaongea nami."

Miezi minne. Miezi minne Elyor alilala ubavuni mwake akimsikia akilia, na hakusema.

"Anakuitaje?"

"Elyor."

"Mwanao hakuwahi kukuita kwa jina lako."

"Anajifunza," alisema kwa haraka, na uso wake uling'aa kama wa mzazi anayesifia mtoto shuleni. "Mwanzoni hakujua hata kucheka, nikamfundisha. Nimemfundisha nyimbo zake, jina la mdoli wake, kila kitu. Kuna mambo siwezi kumfundisha mimi, mambo ya mama. Anakuulizia sana. Nimemwambia mahali unapolala."

Ndipo harufu ya pamba ikaujaza ua mzima, na miguu mitupu ikaja juu ya matofali ya moto, si chumbani tena bali nje, nyuma ya mgongo wake, ikipita chini ya mizabibu, ikipanda ngazi ya kibarazani, bila waya, bila spika, mpaka ikasimama karibu kiasi cha yeye kuhisi joto lake kwenye visigino, na sauti ya Munisa, iliyo safi sasa, isiyobabaika popote, ikauliza, "Elyor, ndiye huyu uliyeniahidi?"

Sabohat akaanza Ayatul Kursi. Akamtazama mumewe ili amsaidie kuisoma, kama walivyoisoma pamoja kila jioni kwa miaka tisa.

Elyor hakumtazama. Aliinuka, akasogea pembeni ya mlango, kama mwenye nyumba anayempisha mgeni.