Kimya cha Madina

Kila asubuhi Madina alikama ng'ombe wake, akachemsha maziwa, akamimina vikombe viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha binti yake Bishara, na hakuna aliyekinywa.

Mafuriko ya El Nino ndiyo yaliyowatenganisha. Bishara alihama na wakwe zake pamoja na mifugo, na tangu hapo hakuna habari. Nyumba yake kijijini Minjila ikawa kubwa mno kwa mtu mmoja. Upweke uusikie kwa jirani tu, ndugu yangu.

Shirika moja mjini Garsen lilitafuta watu waliopoteana. Madina alitoa jina lake na la binti. Akapigwa picha palepale kwenye kambi ya waliokimbia maji, nguo zimelowa, nywele wazi.

"Ni ya kumtafuta Bishara tu," aliambiwa.

Baadaye kompyuta ya shirika ikawekewa programu mpya, na masharti yakabadilika. Watu waliitwa wakasomewa: sasa majina na picha zitatumika kwa kazi nyingine pia, na atakayenyamaza amekubali. Madina hakupenda hata kidogo. Basi akanyamaza.

Siku moja jirani yake Kanze, Mgiriama mkulima, alirudi kutoka Garsen.

"Mama Bishara, nimekuona kwenye hoteli ya chai."

"Mimi? Sijatoka hapa."

"Uko ukutani, kwenye kalenda ya lile shirika. Nywele wazi."

Madina alikaa chini. Aibu ilimshika mpaka akalia.

"Naenda wanifute," alisema. "Jina, picha, vyote."

"Na Bishara atakupataje?"

Madina alisimama, akajifunika mtandio.

"Haya, twende sote. Mdomo ukikushinda, nitakuazima wangu. Unajua mimi ninao wa akiba."

Ofisini walimkuta Rosina, Mpokomo wa kijiji cha Wema, anayeshughulika na kompyuta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole, mama. Lakini masharti yaliposomwa, mbona hukukataa?"

"Nilikataa. Nilinyamaza. Mama yangu alinifunza, mtu akikuomba usichotaka, usimwaibishe kwa kumwambia hapana. Nyamaza, ataelewa."

Rosina alishusha pumzi.

"Kompyuta haijui adabu hiyo. Hata aliyeandika masharti hakuijua. Kosa ni letu, tulipaswa kukuuliza wewe mwenyewe."

"Siwaamini tena."

"Una haki. Ila nikifuta jina, Bishara akiuliza hatutajua pa kumwelekeza. Unaweza kukubali hili na kukataa lile. Masharti yakibadilika, uliza. Mnataka nini changu? Ni cha kazi gani? Nani atakiona? Nikikataa nitakosa nini? Usipoelewa, usikubali. Na ukikataa, sema."

Kanze alifungua mdomo, kisha akajizuia.

"Jina libaki," Madina alisema mwishowe. "La kumtafutia mwanangu tu. Picha, hapana."

Neno hilo lilimtoka kwa shida, lakini lilitoka.

Rosina alifuta picha mbele yake. Kalenda za mjini zikakusanywa. Zilizokwenda mbali hazikurudi, na Rosina hakumficha hilo. Tangu siku hiyo ofisi ile iliuliza kila mtu peke yake, na asiyesema ndiyo hakuhesabiwa kuwa amekubali.

Miezi ikapita. Madina bado alimimina vikombe viwili, na kila jioni alimwaga kimoja.

Kisha Rosina akamwita ofisini, akampa simu.

"Mama," ilisema sauti ya Bishara. "Niliuliza kwenye ofisi ya shirika huku Hola, wakaliona jina lako. Nije nyumbani?"

Madina alishika simu kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

"Mama, umenyamaza," Bishara alisema polepole. Naye alikuwa amelelewa na Madina, kwa adabu ileile. "Basi hutaki nije?"

"Nataka," Madina alisema kwa sauti, ofisi nzima ikasikia. "Njoo, mwanangu. Maziwa yako yanapoa."