Nyumba ya Wapitao

Asubuhi waliikuta mizigo yao barazani, imefungwa.

Haikutupwa. Imefungwa, tena kwa adabu. Mikeka imekunjwa, sufuria ndogo zimetiwa ndani ya kubwa, msumeno na randa za Mabrouk zimeviringishwa ndani ya shuka, na kila furushi limekazwa kwa kamba ya usumba wa nazi na kuelekezwa kwenye njia ya mjini. Mwizi angebeba. Adui angetawanya. Huyu aliwafungashia, kama wenyeji wanavyomfungashia mgeni aliyeanza kuzoea.

Mabrouk, fundi seremala wa Miembeni huko mjini, mtu mwenye mwili wa kabati na hasira za siafu, hakujiuliza mlango uliotiwa komeo umepitwa vipi. Alisimama na msuli wake kiunoni akazikabili nyumba za jirani.

"Aliyenifungia vitu vyangu ajitokeze, nimfunge yeye."

Akatoka Mzee Usi wa nyumba ya pili, mswaki mdomoni.

"Hatukugusa kitu, bwana. Lakini tulikwambia. Hii nyumba ya wapitao. Tangu ijengwe, watu wa mjini huikodi wakati wa sikukuu, wakapunga upepo, wakala samaki, wakenda zao. Mwenye pahala karidhia wageni tu. Hapa hahamii mtu. Hapazaliwi, hapazikwi."

"Mwenye pahala ni mimi. Nimepewa na serikali."

"Serikali ilimuuliza?"

"Ilimuuliza nani?"

Mzee Usi akatema. "Mimi sitaji majina ya watu kabla sijanywa chai."

Hasira za Mabrouk zilikuwa na mizizi. Tangu amuoe Mwanamwema walikuwa wakihama chumba hadi chumba huko Ng'ambo ya mji. Kila mwenye nyumba alipopata shemeji kutoka shamba, Mabrouk ndiye aliyejitwika godoro. Baada ya Mapinduzi, tajiri aliyekuwa akiikodisha nyumba hii ya pwani ya Kiwengwa aliondoka nchini, na Mabrouk akapewa yeye. Mkewe alikuwa na mimba kubwa. Safari hii, aliapa, atatoka kwa jeneza.

"Wana choyo," alimwambia mkewe. "Kwa sababu babu yangu alitoka bara. Wanataka tuwe wageni mpaka siku ya kiama."

Kila asubuhi akafungua mafurushi akitukana, na kila asubuhi akayakuta yamefungwa upya, mafundo yamekazwa zaidi, kama ya mtu anayeanza kuishiwa na subira.

Mchana mmoja, jua la utosini, Mwanamwema amejinyoosha ukumbini, ikamjia harufu ya udi, akadhani majirani wanafukiza, kisha akasikia usumba unakwaruza, taratibu, kama kamba inayosokotwa juu ya paja, na alipofumbua macho akauona mkeka wa pembeni unajikunja wenyewe, unakwenda upande, unasita, unajinyoosha, unajikunja tena sawasawa, na huo aliolalia yeye ukaanza kunyanyuka upande wa miguu, polepole, kwa heshima, kama unaomba radhi.

"Mume wangu, twende zetu," alimwambia Mabrouk kwa kunong'ona.

"Kama ni jini, basi ni jini mwenye adabu. Na mwenye adabu haniwezi mimi."

Mwanamwema akajifungulia mle ndani mtoto wa kiume, wakamwita Hamad. Kitovu kilipodondoka, Mabrouk alikamata jembe, akaita majirani wote uani, akachimba mbele ya macho yao.

"Nyinyi si mnaniita mpitaji? Haya. Kwao mtu ni pale kilipozikwa kitovu chake. Kesho mwambieni mwanangu huyu si wa hapa."

Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Mzee Usi, aliyekuja na maneno yake makali tayari, akayameza.

"Kifukue, baba. Kakizike Miembeni. Nshagombana na wewe vya kutosha, sasa nakuomba."

Mabrouk akaupiga mchanga kwa kisigino mpaka ukalala.

Na kweli, asubuhi iliyofuata hakuna furushi. Wala ya pili yake. Mabrouk akazunguka kijiji kizima akiuliza afya za watu ambao hajapata kuwasalimia. Alikuwa ameshinda.

Kisha alfajiri moja akaamshwa na umande usoni. Alikuwa amelala barazani, juu ya mkeka wake, Mwanamwema ubavuni, mizigo imewazunguka. Mlango umetiwa komeo kwa ndani. Udi unatoka chini ya kizingiti. Na ndani, Hamad anacheka.

Mabrouk akaushambulia ule mlango kwa shoka. Shoka likarudi butu. Mwanamwema alipiga ukuta kwa viganja mpaka majirani wakaamka, na Mzee Usi akenda mbio kumleta mganga, Bi Kazija.

Bi Kazija alichoma ubani, akainamia kizingiti, akazungumza kwa muda, akasikiliza kwa muda mrefu zaidi.

"Mwenye pahala hana ugomvi. Anasema nyinyi wageni wake, kawavumilia. Mtoto ni mwenyeji. Umemthibitisha mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya mashahidi."

"Mtoe mwanangu."

"Nimtoe kwao nimpeleke wapi?"

Mabrouk akakimbilia uani pale alipozika kitovu, akachimba kwa jembe, akachimba kwa kucha. Mchanga mtupu, safi, mkavu.

Aliporudi, Mwanamwema alikuwa amesimama akimngoja. Maziwa yamemlowesha kanga. Hakupaza sauti.

"Hukukizika kwa ajili ya mtoto. Ulikizika kuwakomoa watu." Akamgeukia mganga. "Bi Kazija, mwanangu ana njaa. Mimi naingiaje?"

"Kama anavyoingia mgeni yeyote, mwanangu. Na mumeo ndiye aombe."

Wote wakamtazama Mabrouk. Mishipa ya shingo ilimsimama. Akautazama ule mlango, mlango wake, akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi."

Komeo halikusogea.

"Sema vizuri," alinong'ona mkewe.

"Hodi, wenyewe."

Kicheko cha mtoto kikakatika. Vikasikika vijiguu vitupu vinakuja juu ya sakafu, vya mtoto ambaye hata shingo yake ilikuwa haijakaza. Komeo likanyanyuka.

"Karibuni," ilisema sauti changa, kwa upole. "Mtakaa siku ngapi?"